Utelezi Nilioufuta

Mwezi uliopita nilirudi Kimamba kwenye msiba wa Mama Kibwana, na watu waliponiuliza marehemu alikuwa nani kwangu nikasema ni mwalimu wangu, jambo ambalo ni kweli na si kweli. Nilifanya kazi chini yake mwaka mmoja tu, katika kituo cha afya kilichokuwa ng'ambo ya reli, nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti kipya na viatu vyeupe nilivyovijali kuliko chakula. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakichambua mchele, nami nikajipenyeza kati yao kama tufanyavyo msibani, nikavuta ungo. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mama mnene wa rika langu, vidole vyake vikienda haraka kwenye mchele bila yeye kuvitazama. Alikuwa Mwavita, binti wa Mzee Sadiki. Nilipomtambua nikakuta yeye amenitambua zamani. Akanisogezea mchele, akaniuliza habari za Morogoro, nikasema nzuri. Kuna jambo kuhusu kifo cha baba yake ambalo nalijua mimi, alilijua Mama Kibwana, na Mwavita hakuwahi kuambiwa. Mama Kibwana sasa alikuwa ndani, ameshavishwa sanda, na mimi nilikuwa nimebaki peke yangu nalo.

Mwaka ule nikiukumbuka huwa siukumbuki kwa mpangilio. Hunijia vipande vipande, kwa harufu zaidi kuliko kwa siku. Naona chumba changu katika nyumba za zamani za kambi ya mkonge, kuta nene zilizopakwa chokaa, na vikombe vyangu viwili vikitetemeka kwenye rafu kila treni ya mizigo ilipopita. Naona ukungu wa asubuhi uliolala juu ya mashamba yaliyoachwa, mistari ya mkonge ikitokeza mmoja mmoja, na waendesha baiskeli wakipita ndani yake bila sauti, kengele tu. Jirani zangu, mtu na mkewe, waligombana kila jioni kuhusu baiskeli hiyo hiyo moja, nani aliitia pancha, nami nilikula ugali wangu na dagaa nikiwasikiliza kupitia ukutani, hata siku wasipogombana chakula kikakosa ladha. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Nasema wazi, kwa sababu nimejaribu miaka mingi kuukumbuka kama mwaka wa huzuni na umekataa.

Kazi yangu hasa ilikuwa chumba cha kuoshea, nyuma ya wodi, chenye dirisha moja lililotazama stesheni. Siku zile vifaa vilikuwa adimu, na kituoni kwetu hakuna kilichotumika mara moja kikatupwa. Glovu tulizifua, tukazianika kwenye kamba kama soksi za watoto, zikikauka tukazipaka poda na kuzikunja mbili mbili. Sindano tulichemsha. Mipira ya mkojo, ile wanayowekewa wagonjwa wasioweza kukojoa wenyewe, tuliisafisha ndani na nje, tukaichemsha, tukaifunga kwenye kitambaa cha kijani. Mama Kibwana ndiye aliyekuwa mkuu wa hayo yote. Wazee wake waliletwa na kazi za mkonge, yeye akazaliwa kambini, akaanza kazi kama mfagiaji, akapanda hadi kuwa muuguzi mkuu, na alikuwa na imani moja iliyomtosha: kitu safi hulia. Alikuwa akipitisha kidole juu ya sahani, juu ya glovu, juu ya mpira, na kama hakikulia chini ya kidole alikirudisha kwenye beseni bila kusema neno. Wageni walidhani ni ukali. Sisi tuliokaa naye tulijua kwamba katika wodi yake vidonda havikuoza, na wanawake walitembea kutoka Masanze wakipita kituo kingine ili wajifungulie mikononi mwake.

Basi siku moja yakaja maboksi. Yaliletwa na gari la wilaya, msaada kutoka kwa watu wa nchi za mbali, na ndani yake mlikuwa na mipira mipya ya mkojo, kila mmoja ndani ya mfuko wake uliofungwa. Karatasi za maelezo ziliandikwa kwa lugha ya Kizungu ambayo hata mganga wa kituo hakuijua. Tuliyaweka stoo, chini ya mabati. Baadaye nilipofungua mfuko wa kwanza niliutumbukiza mpira kwenye maji masafi kama ilivyokuwa desturi yetu, nikaenda kupokea mgonjwa mlangoni, nikarudi, na nilipoushika ulinichomoka mkononi. Ulikuwa umeota ute. Uliteleza kama mlenda, nikausugua kidogo, ute haukwisha, nikanusa, haukuwa na harufu. Nikafungua wa pili, nao vile vile. Nikasema moyoni, joto la stoo limeviharibu vitu vya watu. Na kwa kuwa kutupa kulikuwa dhambi kwetu, nilifanya kile ambacho mwanafunzi yeyote mzuri wa Mama Kibwana angefanya. Nilikaa siku mbili nzima kwenye kile chumba, dirisha wazi, nikifungua mifuko, nikilowesha, nikisugua kwa kitambaa cha vidonda na spiriti, nikisuuza na kusugua tena hadi kila mpira ulipolia chini ya kidole. Kisha nikachemsha, nikapaka poda, nikafunga kwenye vitambaa. Mama Kibwana alipoingia akachukua mmoja, akapitisha kidole chake, na mpira ukalia. Hakuwa mtu wa kusifia. Alinitazama tu, akasema, "Sasa umekuwa muuguzi." Usingizi wa siku hiyo sijapata mwingine mtamu kama ule.

Mzee Sadiki alikuwa wa kwanza kuwekewa. Alikuwa amestaafu reli, baba yake akiwa mtu wa Kigoma aliyeletwa na kazi hiyo hiyo, na maisha yake yote aliyapitisha pale stesheni akigeuza njia za treni. Tezi dume ilikuwa imemziba, mkojo hautoki, na alitakiwa kufanyiwa upasuaji hospitalini Mikumi, ambako daktari bingwa alikuwa akija kwa zamu. Zamu yake ilikuwa miezi miwili mbele. Hadi siku hiyo ifike ilibidi aishi na mpira na mfuko, na asipate homa, maana mwenye homa hapasuliwi. Hilo tulimweleza vizuri, yeye na binti yake Mwavita, ambaye alikuwa rika langu na ndiye aliyemhudumia. Mzee alisikiliza kama mtu anayepokea zamu kazini. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyesimama wima, hata akiwa amelala. Alichotaka, aliniambia, ni kwenda msikitini Ijumaa bila kunuka, basi. Nikamwambia atakwenda.

Hakwenda. Kwa kawaida mpira hukaa wiki kadhaa, lakini wake uliziba kabla ya wiki kwisha. Waliletana asubuhi, Mwavita akimshika kiunoni, tumbo la mzee limejaa kama ngoma na jasho likimtoka. Tulijaribu kuuzibua kwa maji ya bomba la sindano, tukashindwa, tukautoa, na katika tundu lake mlikuwa na chengachenga kama mchanga. Tukaweka mwingine, nao ukaziba. Tukaweka wa tatu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo linaniuma kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa kutojua. Kitabu changu cha darasani kilisema mkojo mzito huziba mipira, na mkojo huwa mzito kwa mtu asiyekunywa maji. Nikasimama kando ya kitanda na viatu vyangu vyeupe, nikamwambia mzee wa umri wa babu yangu kwamba hanywi maji. Akasema anakunywa. Nikamwambia mkojo hauongopi. Nikamgeukia Mwavita nikampa amri, vikombe kadhaa kabla ya adhuhuri na kadhaa baada yake, na kila siku aje anieleze. Tukamlaza, na kuanzia hapo, nikiwa chumba cha kuoshea, nilikuwa nikiwasikia wodini kupitia upenyo wa juu ya mlango. Mwavita akimbembeleza baba yake kwa Kiha kidogo na Kiswahili kingi, kunywa baba, nesi amesema, na mzee akinywa, akipumzika, akinywa tena. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha pili akamtania kwamba atageuka samaki. Mzee alicheka. Kila kikombe, sasa najua, kilikuwa kikienda kujaa nyuma ya mpira unaoziba.

Homa ilipoanza, Mama Kibwana akaamua tusisubiri zamu, tumpeleke Mikumi. Nilipewa jukumu la kumsindikiza. Safari ile ndiyo sehemu ya mwaka inayonijia mara nyingi zaidi, na huwa inakuja kimya kimya. Tuliondoka alfajiri kwa gari la kituo, tukapita Kilosa mjini wakati maduka yakifunguliwa, tukaingia barabara ya vumbi, milima upande mmoja ikiwa imefunikwa nusu na mawingu, mashamba ya mahindi yakipita, watoto wa shule, ng'ombe wa wafugaji wakivuka taratibu kana kwamba barabara ni yao. Mzee alikuwa amelazwa nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Mwavita. Karibu na Mikumi dereva alipunguza mwendo, akatuonyesha tembo watatu wamesimama mbali kwenye nyasi, hawatikisiki. Mzee aliinuliwa akawaona. Alisema miaka yote ya reli alisikia habari zao na hakuwahi kuwaona, akauliza kama wao pia wametuona sisi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopaswa, gari limezimwa, upepo ukipita, na mimi nikiwa na hakika kabisa kwamba tumeshafika mahali pa kupona.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alimtoa mzee ule mpira, akaupitisha katikati ya vidole vyake, akakunja uso. Akaniuliza kama ninao mwingine mpya. Nilikuwa nao kwenye mkoba, ndani ya kitambaa cha kijani. Akaufungua, poda ikamdondokea kwenye koti, akatabasamu, akauliza nani ameupaka poda. Nikasema ndio utaratibu wetu. Hakukasirika. Alikwenda kabatini akaleta mmoja wa aina ile ile ambao haukuwa umefunguliwa, akaweka yote miwili kwenye bakuli la maji, tukasubiri. Kisha akaniambia nishike. Wangu ulilia. Wake ukanichomoka.

"Huu utelezi ndio dawa yenyewe," alisema. Akanieleza kwa utulivu, kama tuko darasani na hakuna mtu anayetetemeka kwa homa chumba cha pili. Mpira mtupu ukiingia mwilini, alisema, protini za mwili huurukia ndani ya dakika chache, zikajitandaza juu yake kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Vijidudu navyo huja kushika kwenye utando huo, vikajenga, na chumvi za mkojo zikajijenga juu yao hadi tundu lizibe. Kwa hiyo watengenezaji wameupaka mpira huu polima, aina ya plastiki inayopenda maji. Ikilowa hunywa maji, huvimba, hukaa na tabaka la maji lisilobanduka kirahisi, na protini ikija inakuta maji, haina pa kushika. Si kinga ya milele, alisema, hata hii huziba hatimaye, lakini humpa mgonjwa siku. "Mkiisugua kwa spiriti mnaivua koti," akamaliza, akanipa mitatu nirudi nayo. Mimi nilikuwa bado nimeushika ule wake ndani ya maji. Nakumbuka ulivyokuwa laini, karibu hauko. Nilikuwa nimekaa siku mbili nikifuta kitu hicho, kwa bidii, nikiimba.

Upasuaji haukufanyika kwa sababu ya homa. Walimpa dawa, homa ikashuka, ikapanda, na baada ya siku kadhaa mzee mwenyewe akaomba arudishwe kwake. Mpira mpya haukuziba tena. Lakini uchafu ulikuwa umeshapanda kwenye figo, na wote tuliokuwa na mafunzo tulilijua hilo. Nilimweleza Mama Kibwana kila kitu katika chumba cha kuoshea, nimesimama. Yeye aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Treni ikaja, ikaondoka. Kisha akasema, "Hili litabaki humu, Yustina. Ukilitoa nje, kesho hakuna mama atakayemleta mtoto wake hapa. Watarudi kwa waganga wa kienyeji." Sikubishana. Nilipenda kuamini kwamba ni kwa ajili ya akina mama na watoto. Tangu siku hiyo hatukusugua tena mipira mipya, na kila asubuhi kabla ya kazi Mama Kibwana alikwenda nyumbani kwa Mzee Sadiki, akamwogesha kwa mikono yake mwenyewe, akambadilisha shuka, akaja kazini bila kusema ametoka wapi. Watu wa Kimamba walimsifu sana kwa hilo. Hata siku ya msiba wake walilisema.

Mara ya mwisho nilipomwona mzee alikuwa amelala ubavu, chumba kimetulia, mwanga wa saa nne umeingia hadi miguuni pa kitanda. Mwavita alikuwa nje akipepeta. Nilimwamkia, akaitika, kwa sauti ile ile. Kisha akanishika mkono akasema, "Unisamehe, mwanangu. Nilikupa kazi bure. Maji nilikuwa nakunywa, lakini pengine hayakutosha." Neno lilikuwa mdomoni mwangu, nalikumbuka uzito wake. Nikamwambia, "Usijali, mzee." Nikaipokea radhi aliyoniomba, mimi. Alizikwa juma lile lile, na mwisho wa mwaka nikahamishiwa Morogoro, na Kimamba sikurudi tena hadi msiba huu.

Huko nimekaa hadi nikazeeka. Nafundisha wauguzi, na kila mwaka, somo la vifaa linapofika, huleta darasani bakuli la maji lenye mpira mpya ndani, huwaambia wanafunzi washike, wacheke, wafute mikono. Kisha huwaambia kulikuwa na muuguzi mmoja huko Kilosa. Wananisikiliza sana hapo. Nimewasimulia mamia, na wengine wamelia, na nimekuwa nikirudi nyumbani nikijiona nimetenda haki. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, nami nilikuwa nikiwanukuu hao hao wahenga darasani nikidhani mwenye kovu ni mimi.

Kwa hiyo pale mkekani, wanaume walipoinuka na jeneza na wanawake wakanyamaza, nilimwambia kwa sauti ya chini. Sikuzunguka. "Mwavita, baba yako alikuwa anakunywa maji ya kutosha," nikasema, kisha nikamweleza yaliyobaki, maboksi, spiriti, daktari wa Mikumi, maneno ya Mama Kibwana, na ile samahani niliyoipokea. Nilisema pia kwamba huenda angekufa hata hivyo, kwa kuwa ni kweli, ingawa nilijisikia vibaya kulitamka. Vidole vyake vilisimama. Sauti za waliobeba jeneza zikapotelea upande wa reli.

Ndipo akaniambia yake, polepole, akitazama mchele. Juma lile kabla ya Mikumi baba yake alimsihi asimpe maji, kila kikombe kilikuwa kikimpasua. Akamhurumia. Siku tatu alimwaga maji nyuma ya choo, akaja chumba cha kuoshea akaniambia kanywa yote, nami nikamsifu. Baba yake alipokufa alijua ni nani aliyemuua. Hakumwambia mume wake, wala kaka zake, wala Mama Kibwana aliyekuwa akija kila asubuhi. Watoto wake wamekua wakimwona mama wa ajabu, anayewasimamia na kikombe mkononi hadi tone la mwisho, mtoto akikataa anapigwa. Mmoja hadi leo hamtembelei kwa sababu ya hayo.

Nikamwambia haikuwa yeye. Nikamwambia kwamba kumwaga yale maji kulimpunguzia baba yake maumivu, na mimi ndiye niliyeyaleta. Aliitikia kwa kichwa, kila neno, kama mtu anayesikiliza maelezo ya dawa. Nilingoja alie, au anitukane, na nakiri, nilingoja pia anikumbatie. Nilikuwa nimeshasogeza ungo wangu pembeni.

"Kutoka Morogoro mpaka hapa ni mwendo wa saa ngapi, dada?" akauliza.

"Saa mbili," nikasema. "Hazizidi tatu."

"Saa mbili," akasema Mwavita, akavuta ungo, akaendelea kuchambua.